Ugenini Ndani ya Nchi: Mwalimu wa Kiswahili Katumba, Mpanda

Mtu akisema kwamba katika ujana wake aliwahi kufundisha lugha ugenini, wasikilizaji aghalabu humwuliza ilikuwa nchi gani. Hutazamia kusikia London, au Berlin, au mji fulani wa Marekani wenye theluji. Mimi nikiulizwa hujibu: Mpanda. Wengi hudhani ninafanya mzaha, kwani Mpanda imo ndani ya Tanzania, na mtu haonyeshi pasipoti kwa yeyote ili kufika huko. Lakini, ndugu msomaji, ugeni haupimwi kwa mipaka ya ramani peke yake. Nilikuwa kijana wa miaka 21, mzaliwa wa Pangani, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na wanafunzi niliopewa walikuwa watoto wa wakimbizi kutoka Burundi. Wao walikuwa wageni katika nchi yangu, na mimi nilikuwa mgeni katika pori lao.

Mwaka ulikuwa 1979. Wakati ule njia ya kawaida ya kufika Mpanda kwa mtu wa pwani ilikuwa garimoshi. Ulipanda Dar es Salaam, ukaenda na Reli ya Kati hadi Tabora, ukabadili, ukafika Kaliua, na hapo tawi la reli linageuka kuelekea kusini magharibi kwa kilomita 210 hivi. Baada ya Kaliua ndipo nilipoielewa maana ya neno pori. Miyombo ilisimama pande zote mbili kwa saa nyingi, bila shamba wala moshi wa jiko. Garimoshi lilivuka Mto Ugalla, likasimama katika vituo vidogo ambako watu wawili watatu waliteremka na mizigo yao ya chumvi na sabuni, wakapotea mitini. Mbung'o waliingia madirishani. Abiria mmoja mtu mzima, Mkonongo, aliponiona nikijipiga mabega, aliniambia kwa upole, "Kijana, hao ndio wenyeji wa kwanza hapa. Sisi sote tumewakuta."

Maneno yake yalikuwa na historia nyuma yake. Magharibi ya nchi yetu imesumbuliwa sana na ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya mkoloni iliwahamisha watu wengi kutoka makazi yao ya asili na kuwakusanya mahali pamoja. Pori likachukua nafasi waliyoiacha. Mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mgodi mwishoni mwa miaka ya 1940, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kazi ya mgodi ilikuwa imekwisha. Reli ikabaki bila mzigo wake. Kwa hiyo serikali ilipotafuta mahali penye ardhi tupu, mvua ya kutosha na njia ya kufikika, macho yaliangukia Mpanda. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamepewa makazi katika nyanda za juu za Mwese. Katumba, iliyoko kandokando ya reli kabla hujafika mjini Mpanda, ilifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi.

Hapana budi nieleze walivyofika. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na Watutsi wengi waliuawa. Yaliyofuata yalikuwa mauaji makubwa ya Wahutu yaliyofanywa na jeshi na vijana wa chama kilichotawala, kwa muda wa miezi kadhaa. Wanaoyachunguza mambo hayo hutaja waliokufa kuwa laki moja na zaidi. Waliotafutwa kwanza walikuwa watu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wahubiri. Watu wengi walikimbilia Tanzania, wakapokewa Kigoma, kisha wakapelekwa Ulyankulu katika Tabora na Katumba katika Mpanda. Mwaka 1978 ulifunguliwa mtaa wa tatu, Mishamo, nao pia ulikuwa katika wilaya ya Mpanda wakati ule.

Basi fikiria, ndugu msomaji, maana ya shule kwa mzazi wa namna hiyo. Sisi wa pwani tulifundishwa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Baba wa Katumba alikuwa amewaona ndugu zake wakichukuliwa kwa sababu walikuwa na kalamu mfukoni. Hata hivyo alimleta mtoto wake shuleni asubuhi, miguu imeoshwa, akamkabidhi kwa kijana asiyemjua anayesema lugha asiyoielewa. Mimi sijapata kuona ujasiri mkubwa kuliko huo, na mpaka leo ninapowasikia wazazi wa mjini wakilalamika juu ya umbali wa shule, huwakumbuka wale.

Sasa nizungumze juu ya lugha, kwani ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kirundi na Kiswahili ni watoto wa ukoo mmoja wa Kibantu, na jambo hilo humsaidia mwalimu, kisha humtega. Umuntu ni mtu, umwana ni mwana, amazi ni maji, igitabo ni kitabu. Mtoto aliyeambiwa kwamba lugha mpya ni ngumu alitabasamu alipoona kwamba nusu ya maneno anayajua, ila tu yamevuliwa irabu ya mbele. Kazi ilikuja hapo walipodhani wanajua kumbe sivyo. Nilipoandika ubaoni neno mti, baadhi yao walidhani nasema dawa, kwa sababu kwao umuti ni dawa, na mti huitwa igiti. Nilipowaambia wasiigane katika mtihani, walishangaa, kwa maana kwiga katika Kirundi ni kujifunza. Mwalimu gani huyu anayekataza watoto wasijifunze?

Neno lililonishughulisha kuliko yote lilikuwa ejo. Mrundi hutumia neno hilo moja kwa siku iliyopita na kwa siku ijayo, na kitenzi ndicho kinachoonyesha ni ipi inayokusudiwa. Sisi tuna jana na tuna kesho, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Ilinichukua wiki tatu kuwazoesha watoto wa darasa la tatu kuyatenganisha. Nilichora mshale ubaoni, nikaweka jua linalotua upande mmoja na jua linalochomoza upande wa pili. Mwalimu mwenzangu, Mrundi mtu mzima aliyesoma kwa Kifaransa na kujifunza Kiswahili akiwa tayari na mvi, alisimama mlangoni akitazama, kisha akasema, "Mwalimu, usiwalaumu. Wazazi wao pia hawajaweza kuzitenga siku hizo mbili."

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kilikuwa kigeni kabisa kwa Warundi. Kilifika kwao zamani kwa njia ya ziwa, kupitia Ujiji na Kongo, na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura ni mtaa wa Waswahili hadi leo. Lakini wengi wa watu wa Katumba walitoka milimani, mashambani, ambako lugha ya nyumbani na ya sokoni ilikuwa moja tu. Na nyumba zao hazikuwa vijijini. Mrundi wa shamba huishi katika boma lake, urugo, lililozungukwa na migomba yake, nao majirani wametawanyika juu ya mlima mmoja. Ukimwuliza anatoka wapi hukutajia jina la mlima. Kijiji, kama sisi tulivyokijua katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari kandokando ya barabara, kilikuwa jambo walilokutana nalo Tanzania.

Ndiyo sababu insha ile ilileta mazungumzo. Kitabu cha darasa kilikuwa na zoezi lililojulikana na kila mwanafunzi wa Tanzania: andika juu ya kijiji chenu. Niliwapa watoto zoezi hilo. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika juu ya mlima fulani wa Burundi, wakataja chemchemi, migomba, ng'ombe wa babu na jina la kila jirani. Watoto hao walikuwa wamebebwa migongoni walipovuka mpaka, na wengine walizaliwa papa hapa porini. Nilimwuliza msichana mmoja ameyajuaje hayo yote. Alijibu, "Baba hutusimulia kila jioni." Mvulana mmoja tu aliandika waziwazi kwamba kwao ni Katumba, akasifu mihogo yao na kisima kipya.

Siku mbili baadaye baba wa mvulana huyo alikuja shuleni. Alivua kofia, akanisalimu kwa heshima ambayo umri wangu haukuistahili, akaomba tuzungumze, na mwalimu mwenzangu akawa mkalimani.

"Mwalimu," alisema, "nakushukuru kwa kumfundisha mwanangu. Lakini ameandika kwamba kwao ni hapa. Akiandika hivyo, na mimi nikafa, nani atakayejua njia ya kurudi?"

Nilimjibu, "Mzee, mtoto ameandika anachokiona kwa macho yake."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ni kweli. Basi nieleze jambo moja. Hapa ni kwake, au ni mahali alipowekwa?"

Sikuwa na jibu, na hakuna mwalimu yeyote wa wilaya ile ambaye angekuwa nalo, kwa sababu jibu halikuwa katika kitabu cha sarufi. Lilikuwa katika sheria. Vitabu vyetu vya kusomea viliandikwa kwa ajili ya watoto wa Tanzania, na karibu kila ukurasa ulikuwa na maneno nchi yetu, bendera yetu, sisi Watanzania. Watoto waliyasoma kwa sauti moja, kwa matamshi mazuri, nami nikawapa alama. Lakini chini ya sheria ya wakimbizi ya miaka ile, mkazi wa mtaa wa wakimbizi hakuruhusiwa kutoka nje bila kibali. Mtoto alisoma nchi yetu asubuhi, na mchana baba yake alipanga foleni ya kuomba ruhusa ya kwenda sokoni Mpanda.

Jambo hilo nilitambua uzito wake nilipopata likizo fupi nikataka kuitembelea Katavi. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974, iko kusini ya Mpanda. Ukifuata barabara ya Sumbawanga kwa kilomita 35 hivi unafika Sitalike, na hapo Mto Katuma unakuonyesha viboko bila ya kutafutwa. Wakati wa kiangazi maji hupungua, nao hubanana katika vidimbwi, mamia kwa mamia, mgongo juu ya mgongo, wakigombania tope. Mbele zaidi kuna mbuga pana ya Ziwa Katavi, nyati wengi, na simulizi ya Wabende juu ya pepo Katabi na mkewe Wamwelu, ambao inasemekana hukaa katika mkwaju karibu na ziwa lile. Wenyeji hupaheshimu mahali hapo na huacha sadaka.

Nilimwalika mwalimu mwenzangu twende pamoja kwa lori. Alifurahi, akaenda kuomba kibali, na siku ya safari ilipofika kibali kilikuwa bado hakijatoka. Nikaenda peke yangu. Mimi, mtoto wa Pangani niliyekuwa Mpanda kwa miezi saba tu, nisiyejua hata kuutofautisha mninga na mtundu, nilikwenda kuwatazama viboko bila ya kumwuliza mtu. Yeye alikuwa amelima ardhi ya wilaya ile kwa miaka sita, naye alibaki. Niliporudi alitaka nimsimulie kila kitu, hasa ule mkwaju. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hata pepo wa hapa wana mti wao."

Haitakuwa haki kuyasema hayo bila kuyataja mema. Warundi walipewa ardhi, mbegu na majembe, na katika miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Mahindi, maharage, mihogo na tumbaku ya Katumba na Mishamo vilijulikana mbali. Tanzania ilisifiwa duniani, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya huduma kwa wakimbizi. Sifa hiyo ilistahili. Hata hivyo mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake Mishamo na mjini Kigoma katika 1985 na 1986, aliona kwamba waliokaa mtaani walishikilia sana ukimbizi wao na simulizi za walikotoka, ilhali wenzao waliojichanganya na watu wa mjini walikuwa wakijitambulisha kwa njia nyingine. Mimi, niliyewasikia wale wazazi wa jioni, sikushangaa. Mtu akiishi miaka mingi ndani ya kizuizi, atatafuta kwao upande wa pili wa kizuizi.

Jibu la yule mzee lilichukua miaka mingi kufika. Mwaka 2007, mitaa ile mitatu ikiwa na watu kiasi cha 218,000, serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa 1972 na watoto wao wangeweza kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wanne katika kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 watu 162,156 walikubaliwa kuwa raia, jambo ambalo kwa wingi wa watu kwa mara moja ni nadra katika dunia nzima. Lakini vyeti havikutolewa mara moja. Mpango wa kwanza ulitaka raia hao wapya wahamishwe na kutawanywa katika mikoa mingine kabla ya kukabidhiwa karatasi. Mpango huo ulikwama, na ikapita miaka minne ambamo mtu aliitwa raia bila ya kuwa na cha kuonyesha. Mwishowe iliamuliwa kwamba wabaki walipo, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi vyeti.

Nilirudi mwaka 2022. Mpanda sasa ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Katumba imo katika Halmashauri ya Nsimbo. Reli ingalipo, lakini barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Sikonge na Koga imeifupisha safari mno. Asali ya miyombo huuzwa kandokando ya njia. Katumba nilimkuta yule mvulana wa insha, sasa babu mwenye wajukuu. Aliniamkia "Shikamoo, Mwalimu" kabla sijamtambua. Baba yake alifariki zamani, akazikwa papo hapo. Aliniambia kwamba katika ile miaka minne hakujua apande miembe au auze mabati. Siku alipopata cheti alipanda miembe, na sasa inazaa.

Nikamwuliza kama wajukuu wake wanajua Kirundi. Akamwita mmoja, akamwuliza maana ya gutaha. Ni neno la Kirundi la kurudi nyumbani, kama mtu afanyavyo jioni akitoka shambani. Mtoto alicheka, akasema hajui, akakimbia kucheza, akipiga kelele kwa Kiswahili kizuri kuliko changu cha umri ule. Babu yake alimtazama akienda. "Hiyo ndiyo bei yake, Mwalimu," alisema. Hakusema kama ilikuwa ghali au rahisi.

Nayaandika haya kwa sababu siku hizi vijana wengi huniuliza juu ya kufundisha Kiswahili ng'ambo. Nafasi zimeongezeka. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliipokea lugha yetu kuwa moja ya lugha zake za kazi, na vyuo vya nchi za mbali vinahitaji walimu. Nawaambia waende. Wajifunze kwanza salamu za wanafunzi wao, na wachunguze maneno yanayofanana, kwa kuwa ndiyo yanayodanganya. Lakini wajue pia kwamba wao wataondoka na mshahara na picha, na popote waendapo watakuwa na nchi ya kurudia.

Mwanafunzi aliyepoteza nchi yuko katika hali nyingine. Yeye hujifunza lugha ya mwenyeji kwa sababu hana budi, ili apate chumvi, dawa na kibali. Lugha hiyo ikiisha kumpa neno yetu, analiamini. Hapo deni huwa si la mwalimu peke yake bali la nchi nzima iliyomtuma, nalo hulipwa kwa ardhi, kwa karatasi na kwa njia iliyo wazi kwenda sokoni. Sisi tulianza kulilipa baada ya zaidi ya miaka thelathini. Wako wakimbizi wengine katika Kigoma leo, na watoto wao pia wanasoma.